Leaf ya mtumba mjini: mwongozo kamili wa kuichaji, kuiendesha na kuitunza bila kuunguza soketi

Watu walioagiza gari la umeme la Nissan Leaf kutoka Japani huniletea ujumbe wa aina tatu. Wa kwanza: "Nimechomeka usiku kucha, asubuhi chaji ni ile ile." Wa pili huja na picha: plagi imegeuka rangi ya kahawia. Wa tatu: "Gari limekufa kabisa, na jana lilikuwa na asilimia 70."

Wote huishia kuuliza kama betri kubwa imekufa, na karibu kila mara betri kubwa haina kosa. Wa kwanza ameshindwa na saa, wa pili ameshindwa na ukuta wa nyumba yake, na wa tatu ameshindwa na betri ndogo ya volti 12 ambayo hakujua kama ipo. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Mimi niko Dar es Salaam na gari langu ni lile lenye betri ya kWh 40, toleo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2017, lakini mengi yanafaa hata kwa la kWh 24 au 30.

## Vifaa kwanza

- Chaja ya kubebeka ya volti 220 hadi 240, yenye kichwa cha Type 1 (kinachoingia tundu dogo la Leaf) na kitufe cha kuchagua ampia (6, 8, 10, 13, 16). Hii iwe matumizi ya kwanza, kabla ya rimu na redio.
- Kifaa cha OBD cha bluetooth (husoma kompyuta ya gari) na programu ya LeafSpy kwenye simu.
- Maltimita. Ya bei ya kawaida inatosha.
- Kipimo cha upepo cha kwako mwenyewe. Vya kwa mafundi pancha vimeangushwa chini mara nyingi mno.
- Nyaya za kubusti.
- Daftari dogo la kukaa ndani ya gari.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania. Namhesabu kama kifaa kwa sababu bila yeye Hatua ya 2 haifanyiki.

Ongeza programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera. Dashibodi nyingi za Kijapani zitakuonya kwa Kijapani, na onyo usilolisoma halikusaidii kitu.

## Hatua ya 1: Jua betri uliyonunua

Washa gari na utazame dashibodi. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijibaa vidogo, 12 gari likiwa jipya. Havionyeshi chaji iliyopo leo. Vinaonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani tangu itoke kiwandani.

Tatizo ni kwamba baa ya kwanza hupotea pale uwezo unaposhuka takribani asilimia 15, na zinazofuata takribani asilimia 6 kila moja. Kwa hiyo gari la baa 12 linaweza kuwa na asilimia 99 au 86, na wewe huoni tofauti. Tena wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili baa zirudi zote. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha, zinaanza kudondoka moja moja.

Kwa hiyo chomeka kifaa cha OBD chini ya usukani, fungua LeafSpy na uandike mambo mawili. La kwanza ni SOH, yaani asilimia ya afya ya betri. La pili ni tofauti kati ya seli yenye volti nyingi zaidi na yenye volti chache zaidi, inayoonyeshwa kwa milivolti. Zisome namba hizo wakati chaji imeshuka chini ya asilimia 30, maana seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa. Tofauti ya milivolti 10 hadi 30 ni ya kawaida. Ikizidi 100, kuna seli inayowavuta wenzake nyuma.

Umefaulu ukiwa na: tarehe, kilomita, SOH na milivolti kwenye daftari. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

## Hatua ya 2: Tengeneza ukuta

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, na hapa ndipo nami niliharibu.

Wiki yangu ya kwanza nilichaji kwa ekstensheni. Sehemu ya waya iliyozidi niliiviringa vizuri nikaiweka chini ya zulia la mlangoni ili watoto wasijikwae. Usiku, mnamo saa tano, nikasikia harufu ya samaki. Nikadhani jirani anakaanga vibua. Nilipoamka kunywa maji harufu ilikuwa kali zaidi, na dirisha la jirani lilikuwa giza. Soketi ndiyo ilikuwa inaungua. Plastiki ya soketi na plagi ikipata joto sana, harufu yake hufanana hasa na samaki. Ukinusa samaki usiku na hakuna anayepika, nenda kazime mein swichi.

Sababu ni rahisi. Pasi au birika la umeme huvuta umeme mwingi kwa dakika chache kisha hupumzika. Gari huvuta kwa saa nane au kumi bila kupumzika, na kila palipolegea pana muda wa kutosha kupata moto. Waya ulioviringwa nao hauna pa kutolea joto lake.

### Waya uliokuja na gari

Waya wa Kijapani umetengenezwa kwa volti 200 na ampia 15, na plagi yake haiingii popote kwetu. Mafundi wengi huikata wakafunga plagi ya kawaida ya pini tatu. Plagi hiyo mwisho wake ni ampia 13, na hata hizo si za kuvutwa usiku kucha. Maana yake kila usiku unaizidishia mzigo. Picha za plagi za kahawia ninazoletewa nyingi zinatoka hapo. Weka waya huo kwenye buti kama ukumbusho, ununue chaja ya volti zetu.

### Laini ya peke yake

Mwambie fundi akuvutie laini moja kutoka mein swichi hadi unapoegesha, isiyogawana na kitu kingine chochote. Kwa chaji ya ampia 16, omba hivi:

1. Waya wa milimita za mraba 4, wa shaba halisi.
2. Breka ya ampia 20 ya peke yake.
3. RCD ya miliampia 30, aina A. Hii hukata umeme ukianza kupitia mwilini mwa mtu.
4. Soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 16, yenye kifuniko, iliyofungwa juu ya kimo cha maji ya mvua.

Kama unapanga nyumba na mwenye nyumba hataki kuvutiwa laini, tumia soketi ya kawaida iliyo nzima, chomeka moja kwa moja bila ekstensheni, na uweke chaja kwenye ampia 8, isizidi 10. Itachukua muda mrefu. Vumilia.

### Ethi

Chaja nyingi hukagua waya wa ethi kabla ya kuanza. Usipokuwepo, taa nyekundu inawaka na chaji haiendi. Kuna "dawa" inayozunguka mitaani: kuunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi. Taa nyekundu inazimika, kila mtu anafurahi. Usikubali kamwe. Siku nyutro ikikatika, bodi zima la gari linakuwa na umeme, na mtu wa kwanza kushika kitasa huku amesimama kwenye maji anaweza kufa. Chaja ikikataa, inakwambia ukweli kuhusu nyumba yako.

Fundi achimbie fimbo ya shaba kisha apime kwa kipimo cha ethi. Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo wakati mwingine fimbo moja haitoshi. Wewe mwenyewe unaweza kufanya ukaguzi wa awali kwa maltimita: laivu na ethi isome karibu na 230, nyutro na ethi isome volti chache tu. Usomaji mbaya unathibitisha ubovu. Usomaji mzuri bado unahitaji kipimo cha fundi.

### LUKU

Kama mita yako iko kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo. Hesabu kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida. Langu linakula takribani kWh (uniti) 15 kwa kilomita 100 mjini, na ukiongeza zinazopotea kwenye kuchaji inafika 17. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo ndani, ni kama shilingi 6,000 kwa kilomita 100. Tokeni zikiisha usiku hakuna kinachoharibika, chaji inasimama tu.

Umefaulu ukiwa na: chaja iliyowaka kijani bila ujanja wowote, na RCD inayokata ukibonyeza kitufe chake cha majaribio.

## Hatua ya 3: Chaji ya kwanza, ukiwa macho

Fanya hii mchana, siku ambayo upo nyumbani.

1. Zima gari. Fungua mlango mdogo wa mbele puani. Kuna matundu mawili: kubwa ni la CHAdeMO, la chaji ya haraka, dogo ni la Type 1, la nyumbani.
2. Chagua ampia kwenye chaja kabla ya kuchomeka kwenye gari. Anza na 8.
3. Chomeka ukutani, subiri chaja ijikague, kisha chomeka kwenye gari mpaka usikie kitufe kikibana.
4. Tazama taa tatu za bluu juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele.

Taa moja ikipepesa mahali pake, gari linachaji. Taa zikiwaka kwa zamu, moja baada ya nyingine, gari linasubiri. Yule bwana wa Japani aliyeliuza alikuwa ameweka saa ya kuchaji usiku wa kwao, na gari bado linamtii. Hapo ndipo unapopatia jibu la ule ujumbe wa kwanza. Karibu na usukani kuna kitufe cha kufuta saa hiyo. Kibonyeze, kisha ukazirekebishe saa kwenye menyu kwa msaada wa kamera ya simu.

Baada ya dakika 30, shika plagi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa vuguvugu, endelea. Ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa sekunde tano kwa sababu ya joto, zima kwenye breka, kisha umwite fundi akaze au abadilishe soketi. Rudia baada ya saa mbili. Ikipita, usiku unaofuata panda hadi ampia utakazozitumia siku zote, na urudie kipimo cha mkono.

Mvua si tatizo kwa upande wa gari. Kichwa cha chaja na tundu lake vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Tatizo ni upande wa ukutani. Kisanduku cha chaja kisilale chini kwenye dimbwi, na usichomeke mikono ikiwa imelowa.

Umeme ukianza kukatika na kurudi ovyo, zima breka ya gari mpaka utulie. Umeme unaporudi kwa kishindo huharibu vifaa.

## Hatua ya 4: Chaji kwa ratiba ya joto

Leaf ya matoleo haya inatofautiana na magari mengi ya umeme kwa jambo moja: betri yake haina maji ya kuipooza. Inategemea upepo tu. Ulaya wanaliona hilo jambo dogo. Dar ya Januari, lami ikiwa inachemka saa nane mchana, ndilo linaloamua gari litadumu miaka mingapi.

Kinachoua betri hii ni joto likikutana na chaji iliyojaa. Kwa hiyo:

- Siku za kawaida kaa kati ya asilimia 20 na 80. Kwenye betri ya kWh 40 yenye SOH ya 85, hapo katikati kuna karibu kilomita 130. Mbagala hadi Posta na kurudi ni mara ngapi?
- Usichaji mara tu ukitoka safari ndefu. Acha lipoe hadi usiku.
- Panga saa ili kuchaji kukamilike alfajiri karibu na muda wa kuondoka. Gari lililojaa saa nne usiku, likasimama juani hadi jioni ya pili, linazeeka bure.
- Jaza hadi 100 mara moja kwa mwezi ili seli zisawazishwe, kisha liendeshe siku hiyo hiyo.
- Kivuli cha mwembe ni matengenezo. Kinyesi cha ndege kinaoshwa.

Ukisafiri, usiliache na chaji karibu na sifuri. Mwongozo wa Nissan unakataza kulilaza hivyo zaidi ya siku 14. Liache na nusu.

Kuhusu chaji ya haraka, kwa wale wa Nairobi na kwingine inakopatikana: itumie ukihitaji, isiwe chakula cha kila siku. Ukiunganisha mbili tatu mfululizo, kipimo cha joto kinapanda na gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea. Na ujue hili: mwaka 2024 Nissan iliwaita Marekani wenye Leaf za 2019 na 2020, ikawaambia wasitumie chaji ya haraka hadi zirekebishwe, kwa hofu ya betri kupata joto la kupita kiasi na kushika moto. Gari lako likiwa la miaka hiyo, chaji nyumbani.

## Hatua ya 5: Barabarani

Linawaka bila kulia. Alama ya kijani ya gari lenye mshale ikionekana, gari liko tayari kuondoka hata kama unasikia kimya. Kabla ya kushuka kununua vocha: bonyeza P, weka breki ya kuegeshea, zima, kisha shuka. Nimeona mtu akishuka na Leaf ikimfuata.

Watu hawakusikii. Mjini kwetu watu huvuka kwa masikio kuliko macho. Gari hutoa mlio mwembamba likiwa chini ya takribani 30 km/h, na baadhi ya magari ya Japani yana kitufe cha kuuzima. Usiuzime. Karibu na shule na vituo vya bodaboda, chukulia kwamba hakuna aliyekusikia.

Betri iko tumboni. Nafasi kati ya gari na ardhi ni kama sentimita 15. Tuta kubwa lipandie pembeni, polepole. Ukigonga jiwe chini kwa nguvu, inama utazame. Bati la betri likiwa limebonyea, lipeleke likakaguliwe kabla ya kuchaji tena.

Maji ya masika. Bonde la Jangwani hapa Dar likifurika, zunguka. Betri imezibwa, lakini gari la mtumba limepigwa matuta ya miaka, na mipira ya kuziba inazeeka. Maji yakivuka katikati ya tairi, geuza. Kama lilizama, usiliwashe, usilichaji, liegeshe uwanjani mbali na nyumba na umwite fundi wa magari ya umeme. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote.

Mteremko na betri iliyojaa. Ukiachia pedali, mota hurudisha umeme kwenye betri na gari linapunguza mwendo. Betri ikiwa 100 hakuna pa kurudisha, na gari linateleza kuliko ulivyozoea. Anayeishi juu mlimani, kama Lushoto, achaji hadi 80 tu kabla ya kushuka.

Kobe. Namba za kilomita zikigeuka vistari, tafuta pa kusimama. Ikitokea alama ya kobe, gari limejipunguzia nguvu na una umbali mfupi mno. Toka barabara kuu.

## Hatua ya 6: Matengenezo

Hakuna oili ya injini wala plagi za kuwashia. Watu husikia hivyo wakadhani hakuna kitu.

Betri ya volti 12 ndiyo inayoamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa. Ikifa, gari lenye asilimia 70 ni sanamu. Dalili: taa za dashibodi zinapepesa zote, vitu vinalia kwa-kwa-kwa chini ya boneti, halafu kimya. Pima kila mwezi asubuhi kabla ya kuwasha: 12.4 na zaidi ni sawa. Gari likiwa limewashwa, itapanda hadi kati ya 13 na 14.4. Ikiwa chini ya 12.2 kila asubuhi, nunua nyingine. Chaji ikikamilika chomoa waya. Likikaa limechomekwa siku nyingi, betri hii huisha. Likizima, libusti kwa gari lingine. Likishasoma tayari, linajitegemea. Lakini wewe usitumie Leaf kuwabusti wengine.

Tairi. Gari lina uzito wa kama tani moja na nusu, na mota inavuta kwa ghafla, hivyo za mbele huisha haraka. Fuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango (Leaf nyingi ni psi 36), pima zikiwa baridi, na uzihamishe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi.

Breki. Kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, diski hukaa bila kazi na kushika kutu, hasa ukiishi karibu na bahari. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, weka gia ya N ukiwa mwendo wa 40 na ukanyage breki kwa nguvu mara chache. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kulanti ipo pia, ya kupooza mota na chaja ya ndani. Tazama kimo chake kila mwezi. Chujio la kiyoyozi badilisha kila mwaka, au mapema kama unaishi njia ya vumbi. Oili ya giaboksi ni Nissan Matic S. Ikaguliwe kama kuna uvujaji.

Unapoosha, mashine ya presha isielekezwe kwenye matundu ya chaji wala chini ya boneti.

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Zina volti 350 na zaidi, na si za fundi wa redio wala wa king'ora. Hata fundi aliyesomea huchomoa kwanza plagi ya usalama kisha husubiri dakika 10 umeme uliobaki uishe. Fundi akianza kufungua bila kusubiri, chukua ufunguo wako.

## Hatua ya 7: Likikwama au likigongwa

Lisivutwe kwa kamba tairi za mbele zikiwa chini, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta na kuunguza mfumo. Lipandishwe mgongoni mwa lori, au tairi za mbele ziinuliwe.

Baada ya ajali, bonyeza P, zima, wote washuke. Ukisikia mlio wa kuchemka chini ya sakafu, ukaona moshi mweupe au kunusa harufu kali ya dawa, usirudi kuchukua begi. Mtungi mdogo wa kuzimia moto unafaa kwa kiti kinachoungua. Kwa betri haufai. Hiyo inahitaji maji mengi kwa muda mrefu, na inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye. Sogeza watu mbali, upande unakotoka upepo, piga 114 kwa Zimamoto (hapa Tanzania), na sentensi yako ya kwanza iwe kwamba ni gari la umeme.